Aliyefungiwa Kazi kwa Amri Aitwe Kwanza

Tarehe 24 Januari 2022 baa, kumbi za disko na kumbi za muziki nchini Uganda ziliruhusiwa kufungua milango baada ya miezi 22. Zilikuwa zimefungwa Machi 2020 kwa tangazo lilelile la Rais Museveni lililofunga shule na nyumba za ibada, na muda uliotajwa wakati ule ulikuwa kama mwezi mmoja tu. Wengine walitangulia kufunguliwa mmoja baada ya mwingine. Hoteli na mikahawa iliruhusiwa mwaka 2020 huohuo kwa masharti, maduka ya arkedi ya katikati ya jiji yakafuata, Entebbe ikapokea tena abiria wa ndege tarehe 1 Oktoba 2020, na shule zikafunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022. Usiku wa Kampala ulibaki mwisho wa foleni. Ufunguzi ulipofika, yalizungumzwa mengi kuhusu chanjo, kelele na madeni ya wenye kumbi. Kuna swali ambalo hadi leo halijapewa uzito wake: wahudumu, wapishi, madijei, wapiga vyombo na walinda mlango waliokuwa kazini Kabalagala, Wandegeya, Ntinda na Kololo siku amri ilipotoka, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuwaita warudi? Kwa sheria ya Uganda, jibu ni kwamba hakuna. Safu hii inadai kwamba hilo ni kosa, kwamba lilisababisha madhara makubwa, na kwamba linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na jambo ambalo serikali ilithibitisha kwa vitendo kuwa inaliweza. Kuanzia Aprili 2020 Benki Kuu ya Uganda iliyaruhusu mabenki kuahirisha marejesho ya mikopo ya wateja waliokwamishwa na janga, na baadaye sekta mbili, elimu na ukarimu, zikaongezewa muda kwa sababu kufungwa kwao kuliendelea. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nao uliwaruhusu waajiri waliobanwa kusogeza mbele michango yao kwa miezi mitatu bila adhabu. Tazama namna hatua hizo zilivyotengenezwa. Mkopo haukufutwa wala haukuvunjwa. Ulilazwa, na biashara ilipofunguliwa mkopo ukaamka ukiwa na mkopeshaji yuleyule, mkopaji yuleyule na hesabu ileile. Wataalamu wetu wa fedha walijua kwamba amri ya serikali inapomzuia mtu kutimiza ahadi yake, haki inataka ahadi ile isimame bila kufa. Ujuzi huo haukutumika kwenye mkataba wa kazi. Mwenye baa aliyeamka Januari 2022 alikuta deni lake benki liko hai, na kodi ya jengo, kama hakuwa ameondolewa, iko hai. Mhudumu aliyemfanyia kazi miaka 6 alikuwa ameshageuka mgeni wa kuomba kazi upya.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haikuandikwa kwa ajili ya miezi 22. Inamruhusu mwajiri aliyeishiwa kazi kwa muda kumsimamisha mfanyakazi kwa wiki zisizozidi nne. Anayetaka kupunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Kazi. Watunzi wa sheria ile walikuwa wakifikiria mashine iliyoharibika kiwandani, au mali ghafi iliyochelewa bandarini Mombasa. Kwa mambo hayo wiki nne zinatosha. Wiki ya tano ya amri ya kitaifa ilipoanza, sheria ilikuwa haina la kumwambia mwajiri wala mfanyakazi. Mwajiri mwungwana alituma ujumbe wa simu kwamba hali ikitengemaa wataitana. Wengine walinyamaza tu, na ukimya huo ukawa ndiyo barua ya kuachishwa kazi.

Ni kweli kwamba hata kabla ya janga wengi wa watu hawa walikuwa wakifanya kazi nje ya kivuli cha sheria. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ndani ya wiki 12, na Kanuni za Ajira za 2011 zinakataza mtu kuwekwa kwenye ukibarua kwa zaidi ya miezi minne. Kwenye biashara ya usiku masharti hayo yanajulikana kwa nadra na yanafuatwa kwa nadra zaidi. Mtu huajiriwa kwa maneno ya mdomo, hulipwa kwa siku au kwa wiki, na sehemu kubwa ya riziki yake ni bakshishi ya wateja, ambayo haiandikwi popote. Kima cha chini cha mshahara kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilijaribu kukibadili kwa muswada uliopitishwa mwaka 2019 na Rais hakuutia saini. Ninaitaja hali hii kwa sababu kuna hoja inayotokana nayo, nitakayoirudia, kwamba haina maana kuwapa haki mpya watu ambao hata haki za zamani hawazipati. Kwanza tuangalie ushahidi wa kilichotokea pale uhusiano wa kazi ulipolindwa na pale ulipoachwa ukatike.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye shule, maana huko makundi mawili ya watu wenye taaluma moja yalifungiwa kwa amri moja na yakatendewa tofauti. Walimu walio kwenye orodha ya mishahara ya serikali waliendelea kulipwa muda wote. Walimu wa shule binafsi, ambao hula karo ya wazazi, walikosa mshahara tangu karo ilipokoma. Agosti 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kwamba shule za msingi 3,507 na za sekondari 832 zilikuwa hatarini kutofunguliwa tena, na kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi. Nyuma ya kila shule katika makadirio yale kuna chumba cha walimu kilichotawanyika: kuna aliyenunua bodaboda kwa mkopo, aliyerudi kijijini kulima, aliyefungua kibanda cha chapati, na aliyeondoka nchini. Shule za serikali zilipofungua milango, walimu wao walikuwapo, wakiwa na manung'uniko yao mengi, na Juni 2022 waligoma kwa sababu mishahara ya walimu wa sayansi ilipandishwa na ya wenzao wa sanaa ikaachwa. Lakini ili mtu agome lazima awe na kazi ya kugomea. Mwalimu wa shule binafsi iliyofungwa Kawempe hakuwa na wa kumgomea.

Kuna watakaosema tofauti hiyo ni mshahara, na mshahara ni fedha ambazo sekta binafsi haikuwa nazo. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Hata hivyo mshahara ulibeba jambo jingine ndani yake: jina la mwalimu lilibaki kwenye orodha. Hakuna aliyehitaji kumtafuta, kumsaili upya, kumpangia daraja jipya au kumsahaulisha miaka yake ya utumishi. Jina kubaki kwenye orodha ni kitu kinachoweza kutenganishwa na malipo, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Nchi maskini inaweza kushindwa kuwalipa watu wasiofanya kazi kwa miezi 22. Kutunza orodha ya majina haiwezi kudai imeshindwa.

Mfano wa nje unasaidia kuonyesha kwamba tatizo si la Kampala pekee. Meli za kitalii za dunia zilisimama katikati ya Machi 2020, siku chache kabla baa zetu hazijafungwa. Aprili ya mwaka ule taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilisema karibu wafanyakazi 80,000 walikuwa kwenye meli zilizotia nanga nje ya pwani za nchi hiyo bila kazi ya kufanya na bila njia ya kufika kwao. Meli kubwa ya kwanza kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani iliondoka Florida mwishoni mwa Juni 2021, yaani baada ya miezi 15, ambayo ni pungufu kwa miezi 7 kuliko kifungo cha usiku wa Kampala. Wapishi, wahudumu na wasafisha vyumba wa meli hizo, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, huajiriwa kwa mikataba ya miezi kadhaa, na kati ya mkataba mmoja na mwingine hawana mshahara. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unamtaka mwenye meli agharamie safari ya kumrudisha baharia kwao. Haumtaki amwite tena. Meli zilipotaka kurudi baharini kwa wingi, kampuni zilihangaika kupata watu wenye ujuzi, kwa sababu waliokuwa nao walikuwa wameshatafuta riziki nchi kavu. Sekta yenye fedha nyingi namna ile iliumia kwa kukata kamba ambayo ingeweza kuilegeza tu.

Sasa turudi nyumbani tuhesabu hasara, maana haikuwa ya kipato peke yake. Hasara ya kwanza ni ya miaka. Sheria yetu inampa malipo ya kuachishwa kazi mfanyakazi aliyetumikia mfululizo kwa miezi sita au zaidi, na Mahakama ya Kazi imekuwa ikikokotoa malipo hayo kwa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi pale ambapo hapakuwa na makubaliano mengine. Hivyo mpishi aliyefanya kazi mahali pamoja tangu 2012, akachukuliwa Januari 2022 kama mwajiriwa mpya, amepoteza haki ya miaka 8 bila mtu yeyote kumtamkia kwamba ameipoteza. Alifurahi kupata kazi, na katika furaha ile akasaini, au hakusaini chochote, na saa ya utumishi wake ikaanza kuhesabu kutoka sifuri. Jambo hili halikupigiwa kelele kwa sababu matokeo yake huonekana baadaye, siku anapougua, anapozeeka au biashara inapouzwa.

Hasara ya pili ni ya heshima, na wanawake ndio walioibeba zaidi. Biashara ilirudi polepole. Watalii na wageni waliofika Uganda mwaka 2019 walikuwa 1,542,620. Mwaka 2020 wakawa 473,085, na hata mwaka 2022 walifika 814,508 tu. Maana yake ni kwamba hoteli au baa iliyokuwa na wahudumu 20 ilifungua na wahudumu pengine 8, kisha ikaongeza kidogo kidogo. Katika hali hiyo foleni ina thamani kubwa. Nani awe wa 9? Nani awe wa 10? Sheria isipoipanga foleni, inapangwa na meneja, na meneja mwenye uhuru wa kumchagua mmoja kati ya 12 wenye njaa ana nafasi ya kudai rushwa, na nafasi ya kudai jambo baya kuliko rushwa. Sheria ya Ajira inakataza unyanyasaji wa kingono, lakini wajibu wa kuwa na utaratibu wa kuuzuia umewekwa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25. Baa nyingi za Kampala hazifikii idadi hiyo, kwa hiyo mlango ambao ulinzi ungehitajika zaidi ndio sheria iliyoupita bila kubisha hodi.

Hasara ya tatu ni ya usalama. Kazi za usiku hazikutoweka wakati wa marufuku. Zilihamia kwenye mipaka ya sheria: baa iliyojiita mkahawa, kibanda cha nyama kinachouza bia chini ya meza, sherehe ya nyumbani yenye dijei wa kukodiwa. Mfanyakazi wa mahali kama hapo hawezi kwenda polisi wala kwa ofisa wa kazi, kwa sababu kazi yenyewe ni kosa. Tarehe 23 Oktoba 2021 bomu lilipolipuka Komamboga, kaskazini mwa jiji, kwenye sehemu iliyouza nyama ya nguruwe, aliyeuawa alikuwa mhudumu wa umri wa miaka 20. Kundi la kigaidi ndilo lenye damu ile mikononi, wala sidai kwamba kifungu cha sheria ya kazi kingezuia bomu. Ninachosema ni kwamba kifo kile kilitukumbusha watu waliokuwa wakituhudumia wakati sheria imefumba macho kana kwamba hawapo. Msaada wa fedha wa serikali kwao ulikuja mara moja tu. Julai 2021, chini ya Waziri Mkuu Robinah Nabbanja, watu wapatao 500,000 wa Kampala na miji mingine walilengwa kutumiwa shilingi 100,000 kila mmoja kwa simu, wakiwamo wahudumu wa baa, madijei, mabaunsa na walimu wa shule binafsi. Ukizigawa kwa siku 42 za marufuku ya wakati ule, zinakuwa chini ya shilingi 2,400 kwa siku, na siku hizo 42 zilikuwa sehemu ndogo tu ya miezi 22.

Ninachopendekeza kinaelezeka kwa maneno machache. Serikali inapofunga biashara kwa amri kwa zaidi ya wiki nne, mikataba ya kazi ya biashara hiyo ihesabiwe kuwa imesimama, isihesabiwe imevunjika. Katika kipindi hicho mwajiri asidaiwe mshahara. Mlango ukifunguliwa, mwajiri awaite waliokuwapo kabla ya kumchukua mtu mpya kwa kazi ileile, akianza na aliyetumikia muda mrefu zaidi. Wito utumwe kwa simu, na anayeitwa apewe siku 7 za kujibu. Asiyejibu au aliyekwisha kupata lingine, nafasi yake impite. Anayerudi, miaka yake irudi naye.

Jambo hili limeshafanywa mahali pengine, tena kwenye sekta hiihii. Aprili 2021 jimbo la California lilipitisha sheria iliyozitaka hoteli kubwa, kumbi za hafla na watoa huduma za viwanja vya ndege kuwapa kwanza nafasi zilizofunguka wafanyakazi walioachishwa kwa sababu ya janga, kwa kufuata muda wa utumishi, na kuwapa siku 5 za kazi za kujibu. Mwajiri aliyemruka mtu kwa madai kwamba hana sifa alitakiwa kumweleza sababu kwa maandishi. Hata biashara iliyouzwa, mmiliki mpya alifungwa na wajibu uleule. Sheria ile iliwekewa kikomo, na kikomo kilipokaribia wabunge wa huko wakakisogeza mbele. California ni tajiri na Uganda si tajiri, hilo halina ubishi, ila angalia ni nini hasa kilichogharimiwa: ni barua na simu. Fedha za kuwalipa watu wakiwa nyumbani zilitoka kwenye mafungu mengine kabisa.

Pingamizi zito ninalolijua linatoka kwa wenye biashara wenyewe, nao wanastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu wengi waliumia vibaya. Wanasema: nilipoteza akiba, samani zangu zilichukuliwa na mwenye nyumba, nilifungua kwa mkopo wa ndugu, sasa mnataka kunichagulia wa kumwajiri? Kwanza, pendekezo hili halimwongezei mwajiri hata shilingi moja ya matumizi mlango ukiwa umefungwa. Pili, halimlazimishi kuajiri watu wengi kuliko anaowahitaji. Akihitaji 8, ni 8. Linamwambia tu 8 hao watoke wapi. Tatu, mhudumu anayejua wateja, bei, wezi wa mtaa na tabia ya jenereta ni mali kwa mwenye biashara, na wenye kumbi wengi wangemwita hata bila sheria. Sheria inamlenga yule aliyeona kufungwa kule kuwa nafasi nzuri ya kuwaondoa wanaodai malimbikizo, wajawazito au wazungumzaji sana, bila kuwalipa. Mei 2020 hoteli ya Fairmont The Norfolk ya Nairobi, mojawapo ya hoteli kongwe kuliko zote Afrika Mashariki, ilitangaza kuwaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Mwajiri mkubwa akiweza kufanya hivyo mbele ya vyama vya wafanyakazi na magazeti, mdogo anayefanya gizani atazuiwa na nani?

Wapo wanaosema haki hii itawafungia nje vijana wanaotafuta kazi ya kwanza. Hapa nakiri kwamba kuna gharama halisi. Kila nafasi anayorudishiwa mzoefu ni nafasi ambayo kijana mpya ataisubiri. Lakini amri ya serikali haikutolewa ili kugawa kazi upya kati ya wakubwa na wadogo, ilitolewa kuzuia ugonjwa, na hakuna aliyeulizwa kama anakubali kazi yake itumike kama mtaji wa ajira za vijana. Aliyebeba mzigo wa kufungiwa ndiye mwenye dai la kwanza la kufunguliwa. Zaidi ya hayo, wengi wa wafanyakazi wa usiku wa Kampala ni vijana wenyewe.

Sasa ile hoja niliyoahidi kuirudia: watu hawa hawana mikataba, hawako kwenye daftari lolote, kwa hiyo haki ya kuitwa itawafaa wachache wa hoteli kubwa za Kololo na Munyonyo tu. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kwamba jiji tayari linawajua watu hawa kuliko linavyokiri. Baa haifunguliwi bila leseni ya biashara ya mamlaka ya jiji la Kampala, KCCA, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Anayeshika chakula cha watu anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya. Karibu kila mhudumu ana namba ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na wengi hulipwa kupitia namba hiyo. Fomu ya leseni ikiongezwa ukurasa mmoja wa majina, namba za simu na tarehe za kuanza kazi, orodha ya wito imepatikana. Mwajiri akiwaficha nusu ya watu wake, mfanyakazi aliyefichwa ataonyesha kumbukumbu za malipo kwenye simu yake. Maofisa wa kazi ni wachache na hawawezi kuzunguka kila mtaa, ndiyo maana inafaa uthibitisho uwe kitu ambacho mfanyakazi anacho mfukoni mwake mwenyewe.

Anayesema janga kama lile huja mara moja kwa karne atazame kalenda ya mwaka uleule wa ufunguzi. Tarehe 20 Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende. Tarehe 15 Oktoba, miezi isiyotimia 9 tangu baa zifunguliwe, serikali iliweka Mubende na Kassanda chini ya marufuku ya siku 21, na baa na kumbi za starehe za wilaya hizo mbili zikafungwa tena. Marufuku ikaongezwa hadi katikati ya Desemba. Hiyo ni miezi miwili, nayo ni zaidi ya wiki nne za Sheria ya Ajira. Wahudumu wa Mubende walipitia kwa udogo yaleyale ya Kampala, na sheria haikuwa imebadilika hata nukta. Ebola iliporudi Januari 2025, mara hii Kampala kwenyewe, serikali haikufunga biashara, na ilifanya vyema. Hatuwezi kutegemea kwamba kila mlipuko utapata uamuzi wa namna hiyo.

Haki ya kuitwa haimfai mtu ambaye mahali pake pa kazi pamekufa, na ni uaminifu kulisema hilo waziwazi. Kumbi nyingi hazikufunguliwa tena kamwe. Kwa watu hao kinachohitajika ni fedha, na Uganda haina bima ya kukosa ajira. Mageuzi ya sheria ya NSSF yaliyotiwa saini Januari 2022 yalimruhusu mwanachama mwenye miaka 45 na aliyechangia miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Yalikuwa mageuzi mema kwa karani wa benki; mhudumu wa miaka 26 hayakumgusa. Lenye manufaa kwake ni kifungu kingine cha sheria hiyo, kilichofuta kizingiti cha wafanyakazi watano na kumtaka kila mwajiri achangie hata kama ana mfanyakazi mmoja. Hapo pana msingi wa kujengea. Tanzania ina fao la kukosa ajira ndani ya hifadhi ya jamii, theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita kwa aliyechangia muda wa kutosha. Miezi sita haifiki 22, lakini inampa mtu nafasi ya kupumua kabla hajauza cherehani ya mama yake. Naweka fao hili kuwa hatua ya pili kwa makusudi, kwa sababu linahitaji hesabu za kitaalamu na michango ya miaka. Haki ya kuitwa haihitaji kusubiri hesabu hizo.

Mei 2023 Bunge lilipitisha Muswada wa Marekebisho ya Sheria ya Ajira wa 2022, uliogusa vibarua, wakala wa ajira na malipo ya kuachishwa kazi, na Rais akaurudisha. Katika mjadala ule wote waajiri na vyama vya wafanyakazi walivutana juu ya gharama, na kusimamishwa kwa kazi kwa amri ya serikali hakukuwa kiini cha mvutano. Kifungu ninachokidai ni kifupi kiasi cha kuingia katika marekebisho yoyote yatakayofuata, na kwa kuwa hakimtozi mwajiri fedha, kinaweza kupita hata pale ambapo vifungu vingine vinakwama. KCCA nayo haihitaji kulisubiri Bunge ili ianze kuandika majina. Inaweza kuanza na leseni za baa na kumbi zitakazohuishwa mwakani.